Jina la Fundi wa Ndege

Kuna jambo moja la kijiwe chetu ambalo sijawahi kulipatia jibu. Kila ndege inapoanza kukimbia uwanjani ili iruke, Zahoro muuza kahawa hufunika vikombe vyake kwa kiganja. Inaposhuka havifuniki. Anavifunika inaporuka tu, na kiganja hakiondoi mpaka ngurumo imepotelea ziwani. Nimemuuliza mara tatu. Mara ya kwanza alisema ni vumbi, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mara ya pili alisema ni mazoea. Mara ya tatu alinimiminia kahawa nyingine. Wapo wanaosema alianza baada ya siku ile ya Novemba ndege ilipoingia ziwani hapa kwetu, lakini mimi namkumbuka akifanya hivyo kabla. Nimeliacha lilivyo.

Kijiwe chenyewe ni benchi la chuma kando ya barabara ya uwanja wa ndege, Bukoba mjini. Alilichomelea Rwekaza kwa mabaki ya mageti, akaliweka chini ya bati la karakana yake. Rwekaza tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Pembeni yake hukaa Ta Kaijage, yaani Bwana Kaijage, mwalimu mstaafu wa shule ya Kahororo, ambaye tunamwita Nshomile, yaani msomi, na yeye hulipokea jina hilo kama cheo. Halafu kuna Avit, fundi simu, ambaye jina lake la benchi ni Bando. Wa mwisho ni Mushumbusi, mwenye shamba la migomba na kahawa Buhembe, mtu mpole ambaye kila unachomwambia anakujibu "sawa". Ijumaa ninayoisimulia hakuwa amesema sawa hata mara moja.

Siku moja kabla yake, ndege kubwa ya abiria ilikuwa imeanguka nchi ya mbali, dakika moja tu baada ya kuruka. Jina la nchi naliacha, maana pale kijiweni kila mtu alilitamka kwa namna yake. Taarifa ya habari ilisema sababu bado haijajulikana. Kwetu sababu ilikuwa imejulikana kabla ya kikombe cha kwanza kupoa.

Na Mushumbusi alikuwa na lake. Binti yake, Annastella, amepata nafasi ya kusomea ufundi wa ndege Dar es Salaam. Jumatatu asubuhi anatakiwa awe chuoni, mkononi ana cheti halisi cha kuzaliwa. Basi lake linaondoka Jumamosi alfajiri. Cheti kiko Muleba, kwa bibi yake, na baba ndiye aliyekuwa aende kukichukua Alhamisi. Alhamisi habari ikatangazwa, na hakwenda. Sote pale tulikuwa tunayajua hayo. Tulibishana kana kwamba hatuyajui.

— Ni fundi, alisema Rwekaza. Msizunguke. Mimi ni fundi, nawajua mafundi. Mtu amekaza nati nusu, simu imeita, amepokea. Akirudi anadhani alishamaliza.

— Umemwona? aliuliza Kaijage.

— Sina haja ya kumwona, Ta. Lile geti la kule Kahororo lililomwangukia mbuzi, lilikosa nini? Nati moja.

— Geti hilo alilitengeneza nani?

— Hilo siyo suala letu leo.

Zahoro alicheka kimoyomoyo, birika likatikisika. Kaijage alikunja miguu yake kama afanyavyo akitaka kufundisha.

— Sikilizeni, waitu, ndugu zangu. Hii ni fizikia ya kidato cha pili. Ni uzito. Wanapima begi, sawa. Nani anapima kilicho mwilini mwa abiria? Chukua Mhaya anayekwenda kumsalimia mwanawe. Koti moja lina mifuko sita. Kulia senene, kushoto senene, kifuani kahawa ya kutafuna, na chini ya kofia kuna kitu ambacho hata mkewe hakijui. Zidisha mara mia mbili. Ndege inyanyuke vipi?

— Huko hakuna Wahaya, Nshomile, alisema Avit.

— Wahaya wako kila mahali, kijana. Wengine hawajajitambulisha tu.

— Mimi tangu jana nimeangalia video kumi na saba, Avit aliendelea huku kidole kikiteleza juu ya kioo cha simu. Injini ilimeza kitu. Wanasema kunguru.

— Kwa nini kunguru? Kaijage alidakia. Kwa nini isiwe senene? Tafakarini. Injini inavuta hewa. Senene wanapenda taa. Taa ya ndege iko karibu na injini.

— Mchana kweupe?

— Taa za ndege hazizimwi mchana. Nimeziona.

— Lakini kwao hakuna senene!

— Kila nchi ina senene wake. Tofauti ni kwamba wengine hawajui kuwala.

Hapo tulicheka wote, isipokuwa Mushumbusi. Rwekaza alisubiri kicheko kipungue.

— Haya, senene wameingia. Nani alipaswa kuisafisha injini? Fundi! Tumerudi palepale.

— Mimi nasema rubani alibonyeza pasipo, alisema Avit.

— Na kitufe kikikwama, nani alikiacha kimekwama? Fundi.

— Basi sikia hii. Avit alishusha sauti, na tulipomwona ameshusha sauti tulijua linakuja kubwa. Abiria mia mbili. Wote wanawatumia watu wao ujumbe kwa pamoja: tunaruka sasa, tunaruka sasa. Unajua ule msukumo? Unatoka juu kwenda chini, kwenye minara. Ndege inasukumwa chini na salamu za watu wake.

— Ujumbe una uzito? aliuliza Zahoro.

— Wa maneno, hapana. Wa video, unao.

Kaijage alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama Avit kwa muda mrefu kama mtu anayesahihisha mtihani na hajui aanzie wapi. Hakupata nafasi ya kusema, maana Annastella alikuwa amefika. Alipiga goti kidogo akatusalimia, shikamooni, tukaitikia, kisha akamgeukia baba yake.

— Taata, gari la saa tano la Muleba limeshaondoka. Lipo la saa saba.

Mushumbusi alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

— Kaa kwanza, alisema.

— Nikikaa na hilo litaondoka.

— Afadhali umekuja, injinia, alisema Rwekaza, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Ni mtu ambaye hawezi kuona mlango wazi asipite. Hebu tumalizie ubishi. Nati ya ndege ikilegea, kosa la nani?

— Haikazwi na mtu mmoja, Ta Rwekaza. Mmoja anakaza, mwingine anakuja kukagua, halafu wote wawili wanaandika majina yao na kutia saini. Karatasi inatunzwa.

— Inatunzwa ya nini?

— Ili kukitokea shida, wajue pa kuanzia kutafuta.

— Mmesikia wenyewe! Rwekaza alijipiga paja. Pa kuanzia ni kwa fundi!

Mushumbusi aliweka kikombe chini. Alikiweka taratibu sana, katikati ya mguu wake na wa Kaijage, kama mtu anayeweka yai.

— Ndilo hilo, alisema. Mnadhani naogopa afe? Kufa mtu anaweza kufa kwa kuteleza mgombani. Mimi naogopa hilo jina kwenye karatasi. Mwanangu atakaza nati yake vizuri, atakwenda kulala. Kesho yake chuma kitaanguka, kwa senene, kwa kunguru, kwa chochote kile, na mahali fulani watu watakuwa wamekaa kwenye benchi kama hili, wengine hata uso hawajanawa, watasema ni fundi. Hawamjui. Hawajamwona. Nyie tangu saa mbili mmemhukumu mtu mara nne. Na ana baba yake huyo, huko aliko.

Pikipiki mbili zilipita, zikapishana na lori la mchanga. Avit alitia simu mfukoni, jambo ambalo sijaliona likitokea mchana.

— Mimi sikusema fundi, alisema kwa unyonge. Mimi nilisema salamu.

— Taata, mimi hata getini mwa chuo sijafika, alisema Annastella. Umeshaniona mahakamani.

— Nakuona kwa sababu nakujua. Ukivunja kikombe nyumbani unaumwa siku mbili.

— Si ndiyo maana nitaikaza nati vizuri?

Annastella akaketi mwisho wa benchi, mikono magotini. Zahoro alimpa kahawa bila kuombwa.

— Siku ile ya hapa kwetu, Zahoro alisema, akiongea na birika kuliko na sisi, sikumsikia mtu akiuliza sababu kwanza. Watu walikimbilia majini. Sababu ilitafutwa baadaye, na wenye kazi hiyo.

Tukiwa hivyo, ndege ya mchana ilitokea upande wa ziwa. Kwa kawaida hatuisikilizi. Siku hiyo tuliisikiliza wote, mpaka magurudumu yalipogusa na sauti ikageuka kuwa ya breki, na Rwekaza akapumua kwa nguvu kuliko alivyotaka tumsikie.

Baada ya robo saa hivi akaja mama mmoja wa makamo, ushungi mweupe, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Hakuna aliyemfahamu.

— Asalaam aleikum. Naomba kahawa, ndugu yangu. Kimoja nitakunywa hapa, kimoja nitampelekea mgonjwa pale uwanjani, kikombe nitakurudishia.

— Waaleikum salaam, bibi. Mgonjwa wa kupokea au wa kusindikiza? aliuliza Zahoro.

— Wa kupokea. Mume wangu, Hussein. Wiki tano Mwanza, mguu. Ameshuka ngazi zote kwa miguu yake mwenyewe, hakushikwa. Sasa anasubiri begi. Anasema kitu cha kwanza anachotaka ni kahawa ya nyumbani.

Tulimpongeza, kila mmoja kwa dini yake. Alikunywa amesimama. Alituambia anaitwa Farida, na kwamba jana aliposikia ile habari alimpigia mumewe akamwambia apande basi, mume akakataa, na usiku wakakesha wote macho wazi, yeye huku na mume kule.

— Sasa nawauliza nyie, mnaokaa hapa kila siku, mtakuwa mnajua. Hii iliyoshuka sasa hivi, fundi wake anaitwa nani?

— Fundi? alisema Rwekaza.

— Aliyeikagua kabla haijaruka. Rubani jina lake tunalo, mume wangu anasema alijitaja humo ndani. Huyo fundi hakutajwa. Leo nikiswali nataka niwataje wote wawili kwenye dua, kwa majina.

Rwekaza aliangalia barabara. Alifungua mdomo kama mwenye jibu, na sisi tuliomzoea tukasubiri, kwa sababu haijawahi kutokea akaufungua bure. Safari hii ulifunguka bure. Avit alitoa simu, akaandika, akasubiri, akaandika tena kwa namna nyingine.

— Hayupo humu, alisema.

— Nimefundisha miaka thelathini na minne, alisema Kaijage, na hapa nimekaa tisa. Ndege mbili kwa siku, siku nyingine tatu. Sijui, mama. Sijui hata mmoja.

— Hamjawahi kusikia?

— Hatujawahi kuuliza, alisema Zahoro.

Farida hakutulaumu. Alifikiri kidogo.

— Basi nitasema yule aliyeikagua. Mungu anamjua.

Akachukua kikombe cha mumewe, akakifunika kwa pembe ya ushungi isije ikapoa, akaondoka akitembea kwa uangalifu kwa sababu ya ile kamba. Tulimtazama mpaka alipokata kona.

Sijui kila mmoja wetu alikuwa anawaza nini. Najua tu kwamba Rwekaza ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika kwenye msumari.

— Gari la saa saba linasimama kila penye mgomba, alisema. Mimi nina pikipiki. Nakwenda Muleba.

— Sijasema ndiyo, alisema Mushumbusi.

— Sijakuuliza. Mimi nataka cheti kiwe hapa jioni. Kikiwa mkononi mwako, kataa ukitaka, utakuwa umekataa kama mwanaume. Kisipokuwepo, hujaamua kitu. Utakuwa umekaa tu mpaka basi likaondoka.

Ni mara chache Rwekaza husema jambo ambalo Kaijage halisahihishi. Kaijage alitikisa kichwa kukubali.

— Naunga mkono hoja.

— Na mimi, alisema Avit.

Zahoro aliinua birika kidogo, kuonyesha kuwa naye yumo.

— Mama yangu hatakupa, alisema Mushumbusi. Jana nilimpigia nikamwambia cheti hicho asimpe mtu yeyote ila mimi.

Annastella aligeuka akamtazama baba yake. Hilo hakuwa analijua. Mushumbusi hakuinua macho.

— Mpigie sasa umwambie vingine, alisema Kaijage.

Alipiga. Haikupatikana. Mama yake, Ma Kokuberwa, huwa anapeleka simu kuchaji kwa jirani, na akishaipeleka huisahau huko mpaka jirani aikumbuke. Alipiga tena, na tena. Kwenda mwenyewe kwa pikipiki asingeweza, mgongo wake haufiki hata Buhembe kwa pikipiki. Rwekaza alikuwa ameshavaa kofia ngumu.

— Nitamweleza vizuri, alisema. Mimi najua kuongea na wazee.

— Na yule mteja wa madirisha anayekuja saa tisa? nilimuuliza.

— Nshomile atamweleza. Amweleze kwa Kiingereza, asipate la kujibu.

Tulisubiri pale Mushumbusi aseme neno. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka mzigo chini bila kujua kama atauinua tena:

— Sawa.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Mteja wa madirisha alikuja, Kaijage akamweleza, akaondoka ameridhika au amechoka, ni vigumu kutofautisha. Annastella alikwenda nyumbani kufunga sanduku, akarudi. Ubishi ulijaribu kuanza mara mbili. Avit alileta habari kwamba wachunguzi wamefika kwenye mabaki na wataanza kazi, na Kaijage akauliza ni wangapi, wanatoka wapi, wanatumia vifaa gani. Annastella alimjibu yale anayoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui. Mushumbusi alisikiliza yote. Saa kumi kahawa iliisha. Zahoro aliosha vikombe vyake, akavipanga, na hakwenda nyumbani.

Kabla ya saa kumi na moja tulisikia pikipiki. Rwekaza alikuwa na tope mpaka magotini, kichwa wazi, nywele zimelowa. Kofia ngumu ilikuwa kwenye kichwa cha aliyekaa nyuma yake, upande, miguu pamoja, mabuti ya mvua na kitenge kipya: Ma Kokuberwa, umri miaka sabini na minane.

— Nimemsihi nusu saa, alisema Rwekaza kabla hata hajazima injini. Nimemwonyesha kitambulisho. Nimemtajia ukoo wangu mpaka kwa babu. Anasema ukoo ni mzuri lakini ameambiwa asimpe mtu.

Avit na Annastella walimsaidia bibi kushuka. Alisimama, akajinyoosha, akavua kofia na kumkabidhi Zahoro, ambaye alikuwa karibu. Kisha akamwendea mwanawe.

— Uliniambia nisimpe mtu yeyote ila wewe, alisema. Sikumpa mtu. Nimekuletea wewe.

Alifungua fundo kiunoni, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi ya nailoni, ndani ya nailoni cheti, kikavu kama kilivyotoka sandukuni. Mushumbusi alikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ni mama yake. Alikisoma chote, taratibu, tangu juu mpaka kwenye muhuri.

— Ma, alisema mwishowe, unajua anakwenda kufanya kazi gani?

— Ya kutengeneza ndege. Huyu bwana ameniambia njia nzima, alikuwa anapiga kelele, ndiyo maana nimefika sijasinzia. Anasema ni kazi ya watu wawili wawili. Ni kweli?

— Ni kweli, bibi, alisema Annastella.

— Basi huyo wa pili naye ana bahati. Nipeni kahawa.

Zahoro alilazimika kumwambia kwamba imeisha, kisha akawasha mkaa upya, saa hiyo, jambo ambalo hajawahi kutufanyia sisi.

Iliamuliwa hivyo, bila kupiga kura. Annastella aende. Rwekaza alitoa pikipiki na siku yake ya kazi, Ma Kokuberwa alitoa mgongo wake wa miaka sabini na minane. Lakini aliyekitia cheti kwenye bahasha, akaandika juu yake jina zima la binti yake kwa kalamu ya Kaijage, na alfajiri ya Jumamosi akabeba sanduku begani mpaka mlangoni mwa basi, alikuwa Mushumbusi mwenyewe.